Fibi alikuwa shemasi, wala si mambo ya Beijing

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nijibu usemi ambao nimeusikia mara nyingi katika makanisa ya huku Eastlands, Nairobi, na ambao Jumapili moja mwezi uliopita ulitamkwa tena mimbarini nikiwa nimeketi safu ya tatu kutoka mbele, yaani kwamba mwanamke kuwekewa mikono na kukabidhiwa huduma kanisani ni mambo ya Beijing. Wasomaji wa umri wangu wanajua usemi huo ulikotoka. Tangu mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulipofanyika katika mji huo mwaka 1995, jina Beijing limekuwa kwetu Kenya fimbo ya kumnyamazishia mwanamke yeyote anayeuliza swali, awe nyumbani, kwenye chama au kanisani. Mimi si mwanatheolojia. Nilifundisha Kiswahili katika shule za upili kwa miaka 31 hadi nilipostaafu, na neno likitumiwa vibaya hunikera kama mchanga kwenye wali.

Jumapili hiyo somo lilitoka Waraka kwa Warumi, sura ya 16. Mhubiri alisoma aya mbili za kwanza, akatua, akasema kwamba hapo katikati ni majina ya salamu tu, akarukia aya ya 17. Baadaye, wakati wa matangazo, katibu aliwaomba mashemasi wasimame ili wageni wawatambue, wakasimama wanaume tisa waliovaa makoti. Kisha akaongeza kwamba wahudumu nao waelekee jikoni kwa kuwa wageni hawajanywa chai. Walioinuka wote walikuwa wanawake, na wa kwanza wao alikuwa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu ambaye mtaa mzima humwita Shosho. Nilimtazama akikaza leso kiunoni na kushuka ngazi huku ameshika ukuta, kwa sababu goti la kushoto linamsumbua.

Bibi huyo ana daftari la jalada jeusi ambalo ndani yake ameandika nani amelazwa, wadi gani, kitanda namba ngapi, nani amejifungua na hana mtu wa kumpikia, nani amefiwa na bado hajachangiwa. Saa ya kuwaona wagonjwa ikikaribia huwa keshafika langoni na chupa yake ya uji. Nimepata kumwona akimlisha mgonjwa ambaye hata jamaa zake walikuwa wakimkwepa, akimfuta mdomo kwa ncha ya leso, akimsomea Zaburi polepole na kuurudia mstari ambao mgonjwa aliukosa kwa kusinzia. Kwenye orodha ya viongozi iliyobandikwa mlangoni pa kanisa, jina lake halimo.

Sasa turudi kwenye zile aya mbili ambazo mhubiri alizisoma upesi. Katika Biblia ya Muungano, ambayo wengi wetu tumeisoma tangu ilipotoka mwaka 1952, Paulo anamkabidhi kwa Wakristo wa Rumi dada aitwaye Fibi, aliye mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Neno la Kigiriki alilolitumia Paulo hapo ni "diakonos". Fungua Waraka kwa Wafilipi, aya ya kwanza kabisa, utakuta Paulo anawasalimu maaskofu pamoja na mashemasi, na neno lililofasiriwa mashemasi ni hilo hilo "diakonos" katika hali ya wingi. Fibi hakupewa hata umbo la kike la neno hilo, maana umbo hilo lilikuja kuzoeleka baadaye sana. Aliitwa kwa jina lile lile waliloitwa mashemasi wa Filipi. Kwa hiyo msomaji wa Kigiriki anakutana na cheo kimoja mahali pawili, na msomaji wa Kiswahili anakutana na shemasi huku na mhudumu kule, wala hana njia ya kujua kwamba chini ya maneno hayo mawili kuna neno moja.

Sitaki kuwasingizia watafsiri. Walimwita Epafra mhudumu mwaminifu wa Kristo, na Paulo na Apolo nao wakawaita wahudumu katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, kwa hiyo kwao neno hilo halikuwa la dharau. Tulioliteremsha ni sisi. Leo ukisema mhudumu hapa Nairobi, anayekuja akilini ni mhudumu wa hoteli, wa bodaboda au wa mochari, watu wanaofanya kazi ya halali na ya lazima lakini ambao hakuna anayewaomba wasimame wageni wawatambue. Neno shemasi, kwa upande wake, tulilipata kupitia Kiarabu, nacho kikalipata kutoka Kisiria, na huko lilikotoka maana yake ni mtumishi tu, yule anayehudumu. Kwa asili, basi, maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja akavikwa koti, mwingine akapewa birika.

Zaidi ya hayo, Paulo hasemi kwamba Fibi alikuwa mtu wa kupenda kuhudumu kwa jumla, kama tunavyomsifu marehemu. Anamtaja kuwa mhudumu wa kanisa fulani, lililo mahali fulani, Kenkrea, bandari ya mashariki ya mji wa Korintho. Mtu hutajwa hivyo anapokuwa na nafasi inayojulikana. Waraka wenyewe uliandikwa yapata mwaka 57, na aya hizo mbili ni barua ya utambulisho, sawasawa na ile ambayo mtu akihama kutoka mashambani kuja Nairobi huandikiwa na mchungaji wake ili aikabidhi kanisa jipya. Wataalamu wengi wanaona kwamba Fibi ndiye aliyeubeba Waraka kwa Warumi mwenyewe, na mimi sioni sababu nyingine ya kumtambulisha mwishoni mwa waraka mrefu namna ile. Paulo anaongeza kwamba amekuwa "prostatis" wa wengi, na wake yeye pia. Biblia yetu imesema msaidizi. Neno hilo kwa Kigiriki lilitumiwa kwa mtu mwenye uwezo anayewasimamia na kuwafadhili wengine, na sisi tuna neno lake tayari, kwa sababu kila chama cha akiba mtaani kina mlezi. Fibi alikuwa mlezi wa Paulo, na aya hiyo ni ya Paulo mwenyewe.

Na hayo majina ya salamu tu yaliyorukwa, Mhariri, ni hazina. Katika sura hiyo moja wametajwa wanawake kumi, ukimhesabu Fibi, mama yake Rufo na dada yake Nerea. Wanne kati yao, Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi, wanasifiwa kwa kitenzi cha kujitahidi ambacho Paulo hukitumia pia kwa kazi yake mwenyewe ya injili. Prisila, mke wa Akila, anatangulizwa kutajwa kabla ya mumewe, na katika mara sita ambazo Agano Jipya linawataja wawili hao, mara nne jina la mke ndilo linaloanza. Walikuwa mafundi wa mahema waliofukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine wakati wa Kaisari Klaudio, wakaishi Korintho, kisha Efeso, na huko wakamchukua kwao msomi Apolo wakamfafanulia njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kanisa lilikutana nyumbani kwao. Sisi ambao nusu ya makanisa yetu yalianzia sebuleni kwa mtu na kuhamia kwenye hema la kukodi tungepaswa kuwa wepesi wa kuielewa picha hiyo.

Kisha kuna Yunia wa aya ya 7, ambaye pamoja na Androniko alifungwa gerezani na ni maarufu miongoni mwa mitume. Hapa Kiswahili chetu kinatuficha jambo bila kukusudia. Lugha yetu haina yeye wa kiume na yeye wa kike, nalo jina Yunia halimwambii Mkenya wa leo kama mwenyewe alikuwa mume au mke, hivyo nimefundisha vijana wa kidato cha nne waliodhani ni wanaume wawili. Jina hilo ni la kike, la kawaida kabisa katika Rumi ya kale. Askofu Yohane Krisostomo, aliyehubiri kwa Kigiriki mwishoni mwa karne ya 4 na aliyejua lugha yake kuliko sisi, alimstaajabia mwanamke huyo kwa kuhesabiwa anastahili jina la mtume. Karne nyingi baadaye wakatokea wafasiri waliomgeuza kuwa mwanamume aitwaye Yunias, jina ambalo halijapatikana katika maandishi ya wakati huo.

Najua nitajibiwa kwa ile aya ya 1 Wakorintho 14, wanawake na wanyamaze katika kanisa, na kwa 1 Timotheo 2, inayomkataza mwanamke kufundisha, na sitajifanya kwamba aya hizo hazimo. Zimo, na wasomi wanabishana juu yake hadi leo. Ninaloomba ni kwamba anayezisoma asome pia sura ya 11 ya barua ile ile ya kwanza kwa Wakorintho, ambamo Paulo anaeleza jinsi mwanamke anavyopaswa kufunika kichwa asalipo au anapohutubu. Hilo ni neno la Biblia yetu, anapohutubu. Mtu hawekewi kanuni ya mavazi kwa jambo ambalo hatakiwi kulifanya. Vilevile katika 1 Timotheo 3, katikati ya sifa za mashemasi, Biblia yetu inasema vivyo hivyo wake zao, lakini neno "zao" halimo katika Kigiriki. Lililomo ni "wanawake" tu, au ukipenda "wake", na Krisostomo huyo huyo alilielewa kuwa linawahusu mashemasi wa kike.

Hata hivyo hoja yangu kubwa haiko kwenye ubishi wa aya, maana aya tutavutana nazo hadi jioni. Iko kwenye yale ambayo Kanisa lenyewe lilitenda baada ya mitume. Yapata mwaka 112, Pliny, gavana wa Kirumi wa jimbo la Bithinia na Ponto, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan kuomba ushauri kuhusu Wakristo. Anaeleza kwamba ili kuupata ukweli aliona ni lazima awatese wajakazi wawili waliokuwa wakiitwa "ministrae". Hilo ni neno la Kilatini la wahudumu wa kike, na ndilo tunalokutana nalo mahali ambapo Mgiriki angesema mashemasi. Walikuwa watumwa, hawana haki mbele ya sheria, majina yao hayakuandikwa, lakini kanisa lao lilikuwa limewapa cheo ambacho hata gavana mpagani alikisikia.

Karne moja na zaidi baadaye, huko Siria, kikaandikwa kitabu cha taratibu za kanisa kiitwacho Didaskalia ya Mitume. Namwomba msomaji anivumilie nikae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi yenyewe inapoonekana. Kitabu hicho kinamwagiza askofu achague mashemasi wanaume kwa mambo mengi yanayohitajika, na shemasi mwanamke kwa huduma ya wanawake. Sababu inayotolewa ni ya watu waliokuwa wakiishi mitaani kati ya majirani wasioamini: ziko nyumba ambazo askofu hawezi kumtuma shemasi mwanamume kwa wanawake, basi amtume mwanamke. Aingie kwa wagonjwa, awape wanachohitaji, awaoshe wanaoanza kupata nafuu. Na katika ubatizo, ambao wakati huo ulikuwa wa watu wazima waliovuliwa nguo na kupakwa mafuta mwili mzima, shemasi mwanamke ndiye aliyewapaka wanawake, akawapokea wakitoka majini na kuwafundisha jinsi ya kuutunza usafi wa ubatizo wao. Kitabu hicho hicho kinasema askofu aheshimiwe kwa mfano wa Mungu, shemasi kwa mfano wa Kristo, na shemasi mwanamke kwa mfano wa Roho Mtakatifu. Nikiyasoma hayo namwona Shosho na chupa yake ya uji akielekea wadi ya akina mama, mahali ambapo hata mchungaji wetu hubisha hodi na kusubiri nje.

Sisemi kwamba walikuwa makasisi. Didaskalia hiyo inamkataza mwanamke kubatiza, na Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325 uliwataja mashemasi wa kike wa kundi moja lililojitenga ukasema kwamba kwa kuwa hawakuwekewa mikono wahesabiwe kuwa walei, yaani waumini wa kawaida. Anayetaka kuutumia ukweli wa kale lazima auchukue mzima mzima. Lakini mwishoni mwa karne hiyo, Katiba za Mitume, kitabu kingine kutoka Siria, kinamwagiza askofu amwekee mikono shemasi mwanamke mbele ya makasisi na mashemasi, na kinatoa maneno ya sala yake, ambayo yanawataja Miriamu, Debora, Ana na Hulda. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalsedonia ukaagiza kwamba mwanamke asiwekewe mikono kuwa shemasi kabla ya kufikisha miaka 40, na baada ya kuchunguzwa kwa makini. Nayo sheria ya Kaisari Justinian ya mwaka 535, alipokuwa akijaribu kupunguza gharama za Kanisa Kuu la Hagia Sophia huko Konstantinopoli, iliweka kikomo cha makasisi 60, mashemasi wanaume 100 na mashemasi wanawake 40. Hebu tufikirie: hao 40 ndio waliobaki baada ya kupunguzwa!

Mmoja wa mashemasi wa mji huo tunamjua vizuri. Ni Olympias, mjane tajiri aliyefiwa akiwa bado kijana, akakataa kuolewa tena ingawa kaisari mwenyewe alimtaka aolewe, akatumia mali yake kwa maskini na kuongoza nyumba ya wanawake karibu na kanisa kuu. Krisostomo alipopelekwa uhamishoni mwaka 404, alikuwa akimwandikia Olympias, na barua 17 alizomtumia zipo hadi leo. Yerusalemu nako, kwenye Mlima wa Mizeituni, liliokotwa mwaka 1903 jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Sofia, ambalo linamwita shemasi, Fibi wa pili. Aliyelichonga alijua kwamba wapita njia wangeelewa Fibi wa kwanza ni nani.

Huduma hiyo ilikuja kufifia kwa sababu ambazo si siri. Ubatizo wa watu wazima ulipopungua na watoto wachanga wakawa ndio wanaobatizwa, haja ya mwanamke wa kuwapaka mafuta wanawake ikapungua. Huko Magharibi, mitaguso ya Gaul, yaani Ufaransa ya leo, ya karne ya 5 na ya 6 iliipiga marufuku mara kwa mara, na kwa jinsi nijuavyo walimu na maaskofu, jambo halipigwi marufuku mara tatu kama halifanyiki. Mashariki iliendelea kwa karne kadhaa zaidi, hadi kufikia karne ya 12 mwanasheria wa kanisa Balsamon akaandika kwamba imekwisha.

Imekwisha, lakini si kabisa. Mei 2, 2024, huko Harare nchini Zimbabwe, Kanisa la Kiorthodoksi la Patriarki wa Aleksandria, kanisa ambalo hapa kwetu lina seminari yake Riruta, lilimwekea mikono Angelic Molen kuwa shemasi. Hilo ni kanisa ambalo hakuna anayeweza kulishtaki kwa kupenda mambo mapya. Makanisa mengine ya Kenya yalikwenda mbali zaidi zamani: Kanisa la Presbiteri, PCEA, lilimweka wakfu mchungaji wake wa kwanza wa kike mwaka 1982, miaka 13 kabla ya mkutano wa Beijing, na Kanisa la Kianglikana likapata maaskofu wa kike Bondo na Butere mwaka 2021. Kila kanisa lina taratibu zake na sina mamlaka ya kumwamulia mwingine. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba jambo lililoandikiwa sheria mwaka 451 lilibuniwa mwaka 1995.

Kwa wahubiri nina ombi dogo. Wakifika Warumi 16 wasome majina yote, hata kama ulimi utajikwaa kwenye Trifaina, na wakifika kwa Fibi wawaambie waumini neno lililoandikwa pale. Kwa kanisa letu nina ombi jingine. Mwezi ujao kamati itapokea majina ya watakaochaguliwa kuwa mashemasi, na fomu zimekwisha kugawanywa. Juu ya fomu pameandikwa: "Jina la ndugu anayependekezwa." Nilikaa nayo usiku mmoja, nikaiangalia ile "ndugu", nikakumbuka kwamba kwa Kiswahili ndugu yangu ni aliyezaliwa nami, awe wa kiume au wa kike. Nikaandika jina kamili la Shosho, jina ambalo ilibidi nimwulize mjukuu wake kwa sababu sikulijua, na siku ya pili nikaipeleka fomu kwa katibu mkononi. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia afungue Warumi 16.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi